Sanitaiza, klorini, shashi au dripu: kikundi cha Mombasa kianze na kipi?

Tangu mwaka 2020, barakoa zilipoadimika na kila duka likauza sanitaiza ya namna yake, Mombasa haijaishiwa na kamati zinazotaka kutengeneza vifaa vya hospitali. Kamati ya msikiti ina chumba kitupu, chama cha kina mama Bamburi kina vyerehani, na vijana wa Changamwe wameahidiwa pesa na ndugu zao walio ng'ambo. Wote wanasema jambo lile lile: tutengeneze wenyewe, tuuzie zahanati kwa bei ya gharama, tusichukue faida. Nia ni njema. Ugumu huja pale pa kuchagua kitu cha kutengeneza.

Wengi huuliza kipi kinahitajika zaidi, na jibu huwa dripu. Wengine huuliza kipi ni rahisi, wakaishia kwenye sanitaiza. Mimi swali langu ni jingine: kikitoka kibovu, nani atagundua, na atagundua wapi? Kuna bidhaa ambayo ubovu wake huonekana mezani, kipimo kikiwa mkononi mwa aliyeitengeneza. Kuna ambayo ubovu wake huja kuonekana wodini. Na kuna ambayo huonekana mgonjwa akianza kutetemeka, maji yameshaingia mshipani. Nazipanga bidhaa zote hapa chini kwa swali hilo hilo.

Sanitaiza

Fomula ya Shirika la Afya Duniani haina siri. Kwa lita 10: etanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka yafike alama ya lita 10. Funika, tikisa, gawa kwenye chupa, kisha ziweke kando kwa saa 72 kabla ya kuzitoa. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizojificha kwenye chupa au kwenye maji, na zile saa 72 ndizo muda wake wa kufanya kazi. Ukiwa na haraka ya kuuza, hapo ndipo utakapokosea kwanza.

Kwa upande wa malighafi tunajimudu. Muhoroni hutengenezwa etanoli inayotokana na molasi ya miwa, na Bamako, Mali, hospitali imewahi kutengeneza sanitaiza ya fomula hii kwa spiriti ya miwa ya huko huko. Lakini pipa la spiriti likitoka magharibi ya Kenya mpaka Pwani limevuka nchi nzima, na spiriti ni bidhaa ambayo KRA, mamlaka ya ushuru, huifuatilia kwa karibu. Karatasi ziwe sawa kabla ya pipa kupakiwa.

Kipimo chake ni alkoholimita, kile kioo kirefu kinachoelea. Lengo ni asilimia 80, na inakubalika kati ya 75 na 85. Zingatia hapa: alkoholimita nyingi zimepimiwa kwenye nyuzi 20. Chumba cha Mombasa mchana kiko 30, pengine zaidi, na katika joto hilo kioo husoma juu kuliko ukweli. Chupa ya asilimia 74 inaweza kukuonyesha 77, ukaipitisha huku unacheka. Kwa hiyo nunueni themomita pamoja na jedwali la kusahihisha, na kwenye daftari jotoridi liandikwe kando ya kila kipimo.

Kuna ubovu wa pili, na huo alkoholimita haiuoni kabisa. Methanoli, spiriti yenye sumu, ina uzito unaokaribiana mno na wa etanoli, kwa hiyo kioo kitaelea pale pale na kitasoma kile kile. Mwaka 2014 pombe yenye methanoli iliua watu makumi kwa makumi Embu na kaunti nyingine za Kenya, na waliokunywa hawakuona tofauti kwa macho wala kwa pua. Kinga yenu ni pipa lenye cheti cha maabara kutoka kwa muuzaji anayejulikana. Dalali wa Kongowea anayewapunguzia bei mwacheni aende zake.

Halafu moto. Mvuke wa etanoli ya asilimia 80 huweza kushika moto kuanzia nyuzi 17.5. Mombasa ni nadra sana kulala kwenye baridi ya namna hiyo, maana yake chumba chenu kiko kwenye hatari saa zote 24. Shirika la Afya Duniani linashauri mchanganyiko wa mahali padogo usizidi lita 50 kwa mara moja. Chumba kilichopakana na jiko la jirani hakifai, hata kikitolewa bure na mwenyewe akaapa.

Mkitaka kuuza lazima mpitie KEBS, shirika la viwango. Sanitaiza ina kiwango chake cha Afrika Mashariki, KS EAS 789. Na mjue soko limejaa. Kinachoweza kuwatofautisha na wengine ni kujaza upya chupa za zahanati badala ya kuuza chupa mpya kila mara, lakini chupa zinazorudi zioshwe, zichemshwe na zikauke kabisa.

Klorini ya chumvi

Hii ndiyo ninayoipenda. Upendeleo wangu nauweka wazi ili msomaji ajue.

Mtambo wake ni mdogo: elektrodi mbili, umeme au sola, maji na chumvi. Kwa mitambo ya aina ya WATA hupimwa takriban gramu 25 za chumvi kwa lita, na baada ya saa kadhaa unapata maji yenye takriban gramu 6 za klorini kwa lita, yaani asilimia 0.6. Wodini wanahitaji asilimia 0.5 kwa damu iliyomwagika, sakafu na vifaa vilivyotumika. Manesi wetu wamezoea kuipata kwa kuchanganya jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita. Hii ya mtambo inatoka ikiwa karibu tayari: kwenye lita 5 ongeza lita 1 ya maji. Nesi wa zamu ya usiku amepunguziwa hesabu, na hesabu za usiku ndizo zinazoharibika.

Chumvi iko nyuma ya nyumba. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi, hayako mbali. Kusafirisha kioevu ambacho karibu chote ni maji kutoka Nairobi, achilia mbali kutoka ng'ambo, ni kulipia lori lichukuze maji. Hapo mtengenezaji wa karibu ana haki yake.

Na ubovu wake huonekana. Karatasi za kupimia klorini hubadilika rangi palepale, na kipimo cha matone ni sahihi zaidi: unahesabu matone mpaka rangi ipotee. Kila ndoo hupimwa kabla ya kutoka, na nesi akitaka anaipima tena ikifika. Bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuikagua mwenyewe mlangoni ni chache.

Sasa matatizo, na Mombasa ina yake. La kwanza ni joto na jua. Klorini hii isipotiwa kitu cha kuituliza hupoteza nguvu haraka, kwa hiyo ihesabuni kama bidhaa ya siku moja: itengenezwe alfajiri, itumike siku hiyo, ikae kwenye madumu ya plastiki yasiyopitisha mwanga. Dumu jeupe lililoachwa juani kwenye foleni ya feri ya Likoni litafika upande wa pili likiwa limepungua. Lebo iwe na saa, tarehe peke yake haitoshi.

La pili ni maji. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi vina maji magumu, vingine ya chumvi. Chokaa iliyomo hujenga ganda jeupe kwenye elektrodi na mtambo hudhoofika siku hadi siku. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa zaidi, au ya mfereji siku yanapotoka. Ganda huondolewa kwa siki, lakini klorini yote imwagwe na chombo kisuuzwe vizuri kwanza. Siki ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu, na si jambo dogo. Mtambo ukifanya kazi hutoa pia haidrojeni, kwa hiyo madirisha yawe wazi na mtu asivute sigara hapo.

Mshindani wake wa kweli si jiki. Ni vidonge vya klorini vya NaDCC. Vidonge hukaa miaka kwenye pakiti yake, ni vyepesi, na kidonge kimoja kina kipimo chake. Zahanati inayotumia ndoo moja kwa siku ninaishauri inunue vidonge na iachane na mtambo. Hospitali yenye leba, theatre na wodi, inayomaliza madumu kila siku, hiyo ndiyo mteja wenu. Unga wa klorini wa HTH nao ni rahisi kununua, lakini unyevunyevu wa Pwani huuharibu kopo likishafunguliwa, na ukiwekwa karibu na mafuta au spiriti ni hatari ya moto.

Shashi, pamba na gauni za upasuaji

Mji wenye mafundi cherehani wengi kama huu, na maduka ya vitambaa ya Biashara Street hapo karibu, lazima ufikirie kushona. Kushona kwenyewe si tatizo. Kinachohitaji kupangwa ni nani atakayetakasa, yaani kuua vijidudu vyote. Jibu langu ni fupi: msitakase. Uzeni vifaa visafi vilivyoandikwa waziwazi kuwa havijatakaswa, hospitali iviingize kwenye otoklevu yake yenyewe, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke. Wao wana mashine, wana mtu aliyefunzwa, wana rekodi. Mkibandika neno "imetakaswa" kwenye pakiti mmejichukulia jukumu ambalo chumba chenu hakiliwezi.

Shashi na pamba zina jaribio ambalo mtoto anaweza kulifanya. Pamba ya hospitali ikiwekwa juu ya maji inatakiwa izame ndani ya sekunde 10. Pamba ambayo bado ina mafuta yake ya asili itaelea, na hiyo haifyonzi damu. Fanyeni hivyo kwa kila robota mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Ugumu wa shashi uko kwenye hesabu. Vipande vya theatre hufungwa kwa idadi maalumu, tano tano au kumi kumi, na huhesabiwa kabla ya upasuaji na kabla ya kushona jeraha. Fundi asiyejua hili atasema kwa moyo safi, "Sista, kipande kimoja kikipungua nitakufidia viwili." Na sista atamjibu, "Fundi, kikipungua kimoja tunarudi tumboni mwa mgonjwa kutafuta kitu ambacho hakikuingia." Tena vipande vya theatre vinahitaji uzi unaoonekana kwenye eksirei. Hamna uzi huo? Basi shoneni shashi za vidonda vya nje peke yake na mwandike hivyo kwenye pakiti.

Gauni za kufuliwa ni nzuri, zinapunguza taka, lakini pamba ya kawaida ikilowa hupitisha damu. Kitambaa kinachofaa ni cha poliesta kilichofumwa kwa kubana sana, na kila gauni liwe na vijisanduku vya kuweka alama kila linapofuliwa, maana uwezo wake hupungua kadiri linavyoenda dobi.

Barakoa za hospitali sizishauri. Kitui walishona nyingi mwaka 2020 katika kiwanda cha kaunti, KICOTEC, lakini kile kilikuwa kiwanda. Barakoa ya upasuaji inategemea tabaka la katikati la nyuzi zilizoyeyushwa, na ubora wa tabaka hilo haujulikani kwa macho wala kwa kupuliza mshumaa, hata watu wakisema vipi.

Dripu

Najua kwa nini watu huitaka. Ni maji na chumvi, gramu 9 kwa lita, na zahanati huiishiwa. Tena historia ipo: hospitali za misheni Afrika zilikuwa na vyumba vya kutengeneza dripu, na hospitali ya KCMC kule Moshi, Tanzania, ilijulikana kwa kazi hiyo. Mtu akiniambia "mbona wao waliweza," namwambia walikuwa hospitali ya rufaa yenye wafamasia na maabara.

Shida ni kwamba kuua bakteria hakutoshi. Bakteria akifa huacha vipande vya ganda lake, vinavyoitwa endotoksini, na nyuzi 121 za otoklevu haziviondoi. Ili kuviharibu kwenye chupa ya kioo inahitajika joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30, na maji hayawezi kupitishwa huko. Lazima yawe safi tangu mwanzo. Mgonjwa akipewa dripu yenye endotoksini hupata homa, baridi kali, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Kipimo chake hutumia kemikali inayotokana na damu ya kaa wa aina ya pekee, si kitu cha kununua duka la dawa la mtaani.

Hata wenye viwanda wameteleza. Mwaka 1972 katika hospitali ya Devonport, Uingereza, wagonjwa 5 walifariki baada ya kupewa dripu ya kiwanda. Hewa ilinaswa sehemu ya chini ya otoklevu, mvuke ukakosa kuifikia, chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kipimo kimoja kilionyesha kuwa chini kuna baridi. Vipimo vingine vilisoma sawa, wafanyakazi wakaamini kile kimoja ndicho kibovu. Chupa zote zilitoka zinang'aa sawasawa, na hakuna jicho ambalo lingezitenganisha.

Kwa hiyo dripu haimo kwenye orodha yangu, hata mfadhili akija na mtambo mzima. Matone ya macho nayo yamo kwenye kapu hilo hilo mpaka kikundi kiwe sehemu ya hospitali yenye mfamasia wake.

Sindano

Hapa ni haraka. Revital, kiwanda kilichoko Kaunti ya Kilifi, hutengeneza sindano zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika mara moja, na zimeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Ni kampuni ya kibiashara, lakini ni ya hapa hapa. Sindano inahitaji ukungu wa chuma wa kusubu plastiki, gesi ya ethilini oksaidi ya kutakasa, na mauzo ya mamilioni ndipo bei ishuke. Kikundi kikiwa na uchungu na sindano kinunue kwao, kisha nguvu ziende kwenye masanduku ya kutupia na tanuri la kuchomea, ambako zahanati nyingi zina upungufu.

Kutotengeneza kabisa

Hili halipendwi kwenye mikutano kwa sababu halina mtambo wa kuzindua, lakini liwekeni mezani pamoja na mengine. MEDS ya Nairobi, shirika la kusambaza dawa lililoanzishwa mwaka 1986 na makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, haitengenezi kitu. Hununua kwa wingi, hupima katika maabara yake iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, na huuzia vituo vya afya bila kutafuta faida. Zahanati kumi za Mombasa zikiweka oda moja zinaweza kuokoa pesa nyingi kuliko kikundi kinachochanganya lita 50 kwa zamu.

Maana kutokuwa na faida hakumfanyi mtu kuwa mtengenezaji bora, na kuwa wa hapa nyumbani pia hakutoshi. Dawa ya watoto ya kuota meno iliyoua watoto 84 Nigeria mwaka 2008 na 2009 ilitengenezwa Nigeria kwenyewe, kwa kiyeyushi kilichochanganyika na dietilini glaikoli, ambayo ni sumu. Mtengenezaji alinunua pipa asilolipima. Kwa upande wa pili kuna Gonoshasthaya Kendra ya Bangladesh, shirika la hisani lililoanza mwaka 1972 na kufungua kiwanda chake cha dawa mwaka 1981. Kuna Aurolab ya Madurai, India, ya mwaka 1992, inayomilikiwa na wakfu, iliyoteremsha bei ya lenzi zinazopandikizwa ndani ya jicho kutoka kwenye dola 100 na zaidi mpaka takriban dola 10. Lakini kabla ya Aurolab kutengeneza lenzi ya kwanza, hospitali za macho za Aravind zilikuwa tayari zinawasubiri, zinapasua macho kila siku. Mnunuzi alikuwa ndani ya nyumba.

Kwa nani kipi

Mkiwa jirani na hospitali moja kubwa ya binafsi au ya dini, na mna maji mepesi ya uhakika: klorini, bila kusita. Mkiwa na mfamasia kati yenu, chumba kilichojitenga na pipa lenye cheti: sanitaiza, ila iwe ya kujaza upya. Mkiwa mafundi: shashi za vidonda na gauni, bila kutakasa, mkianza na hospitali moja iwasahihishe. Mkiwa na pesa tu, bila mtu wa maabara na bila chumba: oda ya pamoja.

Hospitali za kaunti, kama Coast General na Port Reitz, huagiza kwanza kwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, kwa hiyo msijenge hesabu zenu juu yake. Anzeni na vituo vya binafsi na vya dini. Kabla ya kununua mtambo wowote, zungukeni kwao na muombe barua inayosema watachukua madumu au pakiti ngapi kwa wiki, kwa bei gani, na nani atakayekagua zikifika. Kisha nendeni KEBS, na kwa Bodi ya Famasia na Sumu kuuliza kama bidhaa yenu iko chini yao. Kama vituo vitatu havikubali kuandika barua hiyo, rudisheni pesa za mtambo kwenye mfuko wa oda ya pamoja, na muwaeleze waliochanga sababu.